Kiburi cha Mrushaji

Alikuwa anampa mtu kisogo kabla mpira haujafika. Anarusha, mpira bado uko hewani, mpigaji ndiyo kwanza anajikunja na kigongo chake, na yeye ameshageuka anatembea zake polepole kama mwenye duka aliyekwisha kufunga. Nyuma yake unasikia kigongo kikikata upepo, halafu mpira unatua kwenye glavu ya mdakaji. Hatazami. Ya nini atazame, ameshajua.

Tulimwita Mrushaji. Jina lake ninalijua na silisemi, kwa sababu yuko hapa hapa Doha, ana kazi, na kazi za hapa ni yai mkononi. Wengine nitawataja. Muriuki nitamtaja na Kasule nitamtaja, maana walifanya waliyoyafanya mchana kweupe, na mtu anayefanya jambo mbele za watu amejitaja mwenyewe.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mimi kwetu Muheza sikuwahi hata kuusikia. Niliukuta huku, kwa Waganda, ambao wanasema walifundishwa shuleni. Kwa asiyeujua ni hivi: mmoja anarusha mpira, mdogo kama chungwa na mgumu kama jiwe, mwenzake kashika kigongo, anajaribu kuupiga, akiukosa mara tatu anatoka, anaingia mwingine. Nyuma ya mpigaji kachuchumaa mdakaji na glavu yake. Hayo mengine ya kukimbia na kuzunguka ni ya kujazia tu. Mchezo ni wa wale wawili, anayerusha na anayepiga, na mmoja wao lazima aaibike.

Kambi yetu ya walinzi ilikuwa na timu. Ijumaa jioni tunakwenda kiwanja cha vumbi nyuma ya maghala ya Abu Hamour, wanakuja Wafilipino wa mahotelini na fulana zao zimepigwa pasi, na watazamaji ni sisi: walinzi, madereva, wapishi, akina dada wa majumbani waliopewa ruhusa ya kutoka. Yule bwana akirusha, hata Wafilipino wenyewe walikuwa wanapiga makofi. Na alikuwa anamwambia mpigaji mapema, "Nakuletea ya haraka." Anamletea ya haraka. Mtu anakosa. "Sasa nakuletea ingine ya haraka." Anakosa. Halafu kisogo.

Mechi ikiisha tunakwenda kunywa karak, ile chai ya maziwa ya huku, nzito, ya iliki, kwenye mkahawa wa Mhindi mmoja mwenye viti vya plastiki nje. Hapo ndipo mechi ya pili ilipokuwa inaanza, ya midomo.

"Mpira anaujua, mie sikatai," Haji anasema. Haji ni Mzanzibari, mpishi wa hoteli. "Lakini ana makuu yule. Kiburi ni cha Mwenyezi Mungu peke yake. Mja akikivaa, kitamvua nguo barabarani."

"Na wewe pilau yako ikisifiwa huwa unainama?" Huyo ni Akinyi, Mkenya, alikuwa anafanya kazi nyumba moja ya hapo jirani. "Si juzi ulituambia balozi mzima alilamba vidole?"

"Si balozi. Mke wa balozi."

"Enhe. Unyenyekevu ndio huo."

Watu wanacheka. Kasule hacheki. Kasule ndiye aliyekuwa kapteni wa timu, Mganda mwenzake Mrushaji, mtu wa maneno laini, anazungusha kikombe mezani kabla ya kusema. "Nyota lazima akae chini," anasema. "Akikaa juu, timu inakaa chini."

"Huyo msee anajiskia na ako na haki ya kujiskia," Akinyi anamjibu. "Mkono ni wake. Mbona hamsemi huyo anayekosa mpira ndiye awe mnyenyekevu?"

"Huyo ameshanyenyekezwa," Haji anasema, na karak zinaagizwa tena.

Mrushaji mwenyewe mara nyingi alikuwa hapo hapo, kasimama. Kukaa hakuweza. Mtu yule hakujua kukaa. Chai anainywa akizunguka viti, anakwenda mpaka barabarani, anarudi, kama anayesubiri gari lisilokuja. Anawasikiliza wanavyomjadili kama wanajadili bei ya tiketi za ndege. Siku moja tu alisimama nyuma ya kiti cha Haji akauliza, kwa kile Kiswahili chake cha Kampala, "Kama mimi ni mzuri, na nasema mimi ni mzuri, hiyo ni kiburi ama ni habari?"

Haji alifikiri sana. Akasema ni habari, lakini habari nyingine mtu huacha watu wengine wazitangaze.

"Watatangaza lini?" akauliza. "Mkataba wangu unaisha."

Tulikaa naye chumba kimoja. Kitanda chake juu, changu chini. Kwa hiyo mimi simjui wa kiwanjani peke yake, namjua wa ndani pia, na wa ndani hakuwa malaika. Alichukua sabuni yangu akaitumia kama ya baba yake. Alikuwa mwongo. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya yule mzungu aliyekuja kumtazama shuleni na mashine ya kupima kasi ya mpira. Wiki hii mzungu ametoka Amerika. Wiki ijayo amekuwa Mjapani. Kuna siku mashine iliharibika kwa kasi ya mpira wake, na kuna siku mashine ilikuwa nzima lakini mzungu akalia. Ukimkumbusha kwamba mara ya mwisho ulisema Mjapani, anajibu, "Walikuja wote." Mpira wa miguu aliudharau. Alisema ni mchezo wa watu waliosahau kwamba wana mikono.

Na chumbani nako hakutulia. Mlango mpaka dirisha, dirisha mpaka mlango, mpira mkononi, vidole vinautafuta mshono wake, vinauacha, vinautafuta. Ukimwambia kaa, unatutia wazimu, anakaa pembeni ya kitanda, goti linaruka, na baada ya muda yuko mlangoni tena. Mimi nikawa nachoka kwa kumtazama tu. Mpaka leo nikikaa muda mrefu bila shughuli goti langu linaruka, na najua nimelitoa wapi.

Lakini nilimwona pia mambo mengine. Mdakaji wake alikuwa kijana mmoja mfupi, na mipira ile ilikuwa inamvimbisha kiganja kinakuwa kama andazi. Kila Ijumaa tukirudi, Mrushaji anamkalisha, anachukua mafuta, anamkanda kile kiganja kidole kwa kidole mpaka kishuke, na chai hanywi mpaka mdakaji ameshika kikombe. Hiyo hakuisema kwa mtu. Na mama yake akipiga simu, mtu yule anapiga magoti. Kweli, sakafuni, kwenye vigae, simu sikioni, sauti imekuwa ya mtoto. "Ee, Maama. Ee, Maama." Mara ya kwanza nilidhani amedondosha kitu chini. Kwa hiyo wanaosema hajui kupiga magoti hawamjui. Alijua vizuri. Alikuwa anachagua wa kumpigia.

Aliwahi kuniambia neno moja nalishika mpaka leo. Alisema, "Mzee, mtu akikuambia shuka chini, angalia kwanza kama hatafuti mahali pa kukalia."

Sasa Muriuki. Muriuki ndiye alikuwa msimamizi wetu kwenye jengo tulilokuwa tunalinda likijengwa kule Lusail, Mkenya, mrefu, kiatu kinang'aa saa zote kwa sababu hakikanyagi vumbi. Paredi zake zote zilikuwa hotuba ya adabu. "Mlinzi ni mtu wa chini," anasema. "Mteja hakosei. Na mimi, kwenu nyinyi, ni mteja." Hakuna aliyejua maana yake, ila wote tulijibu ndiyo, sir. Mrushaji pia alijibu ndiyo, sir, lakini kwa namna fulani hata ndiyo yake ilisikika kama anampa Muriuki ruhusa ya kuendelea.

Pale Lusail kila geti lilikuwa na kibanda cha mlinzi chenye kiyoyozi. Injinia mmoja wa mteja akamkuta mlinzi amesinzia kibandani. Mmoja. Muriuki akafunga vibanda vyote, funguo akazitia kwenye gari lake, akasema tutasimama nje tuonekane. Kwa huku, miezi ile ya jua kali kabisa, kazi za nje husimamishwa mchana kwa amri. Wakati huo amri ilikuwa imekwisha muda wake, msimu umepita kwenye karatasi. Joto lenyewe lilikuwa halijaambiwa.

Mimi nilikuwa geti la pili, yeye geti la tatu, tunaonana. Nakumbuka nilikuwa natazama kivuli cha nguzo nikifikiri ni chembamba lakini nikikaa upande kitanitosha. Halafu nakumbuka sijasikia jasho muda mrefu, nikafurahi, nikadhani kumepoa. Baada ya hapo sikumbuki, ninayoyasema niliambiwa.

Nilianguka uso kwanza. Mrushaji akapiga redio, mtu ameanguka geti la pili. Muriuki akajibu, na walinzi wote walisikia maana redio ni moja: "Baki kwenye post yako. Niko njiani." Alikuwa Umm Salal, kwenye kazi nyingine ya kampuni, mbali kabisa. Na sisi walinzi sheria tunayofundishwa kabla hata ya kupewa sare ni hiyo: geti haliachwi mpaka umepokewa zamu. Ukiwa na haja ya choo unasubiri upokewe. Ukifiwa, unasubiri upokewe. Kuna mwenzetu mwingine geti la kwanza naye aliniona nimelala pale, akasubiri. Simlaumu sana. Alikuwa mnyenyekevu.

Mrushaji aliacha geti. Hakukimbia, wanasema, alikuja kwa ule mwendo wake, akaninyanyua, akaona kibanda kimefungwa. Basi akasimama katikati ya barabara akalizibia njia lori la maji, lile la kumwaga kutuliza vumbi. Dereva Mpakistani akapiga honi. Mrushaji hakuomba. Alimwonyesha kidole chini, akasema, "Fungua maji hapa." Hivyo tu, kama mudiri, kama mwenye jengo. Na yule dereva akafungua. Baadaye alisema alidhani ni mtu mkubwa. Nikamwagiwa maji ya vumbi mpaka nikakoroma, kisha akaamuru nipakiwe kwenye gari la mafundi wa umeme, nao wakanipakia, na mmoja akamwita sir.

Hospitali daktari aliniambia muda kidogo zaidi ungetosha kuniua. Figo zangu hazijarudi kuwa zilivyokuwa. Jua siliwezi tena, ndiyo maana leo ni dereva, nakaa ndani ya gari lenye baridi nasubiri watu. Lakini niko hai. Najiuliza kila mara: angekuja mtu mpole, mwenye kusema tafadhali, naomba, samahani kaka, kama una nafasi, lile lori si lingepita?

Haya. Geti la tatu lilibaki wazi. Likaingia lori la vigae bila kuandikishwa. Halikuiba kitu, lilileta vigae, lakini mteja akauliza mlinzi alikuwa wapi. Na Muriuki akaona hatari yake: akieleza mlinzi alikuwa wapi, ataulizwa mwingine aliangukaje, na ufunguo wa kibanda alikuwa nao nani. Kwa hiyo akatengeneza njia. Mrushaji ajitokeze kwenye paredi, mbele ya walinzi wote, aseme alikosa kuacha geti bila ruhusa, hali haikuwa ya dharura, anaomba radhi. Ataandikiwa onyo, yamekwisha, anaendelea na kazi. Asipofanya hivyo, anarudishwa kwao. Paredi ilikuwa Alhamisi. Ijumaa yake tulikuwa na Wafilipino, mechi ya kumaliza msimu, iliyokuwa inasubiriwa na kambi nzima.

Nilitoka hospitali nikakuta mjadala umepamba moto pale kwa Mhindi. Nilikaa nao, plasta ya dripu bado mkononi.

"Aombe radhi, arushe," Kasule akasema. "Tukishinda, baadaye akitaka kuwa jogoo, awe jogoo."

"Msamaha ni neno jepesi," Haji akasema. "Si gunia la mchele. Nabii wetu hakuona haya kuwa mpole, seuze mrusha mpira."

"Ni jepesi kwa sababu si wewe unameza," Akinyi akasema.

"Akinyi dada yangu, mtu akiwa juu ya wenzake kwa kipaji, deni lake ni upole. Ndivyo nionavyo. Akiwa mdogo sawa, afoke, nani atamsikia. Lakini nyota."

"Mimi naona nyota akiinama mnapata raha," Akinyi akasema. "Hata hamtaki kushinda, nyinyi. Mnataka tu kuona vile kisogo chake kinakaa akiwa ameinama."

Wakaendelea hivyo. Nyota afanye hivi, nyota asifanye vile, mpira na tabia, tabia na mpira. Mimi nimekaa pale na karak imepoa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wao walikuwa wanajadili adabu ya mchezaji. Mimi nilikuwa nasikia wanajadili kama nilistahili kuokotwa. Nikainuka nikaondoka, na Haji akasema nyuma yangu, "Kaka bado hajapona, mwacheni."

Kasule nilikuja kujua baadaye alikuwa anafanya nini. Kila neno alilosema Mrushaji kambini lilifika kwa Muriuki likiwa limeongezwa chumvi. Na Muriuki alikuwa amemwahidi cheo, usaidizi wa msimamizi. Alikipata. Mpaka nahama kambi ile, Kasule alikuwa na redio mbili kiunoni.

Jumatano nilizungumza na Mrushaji mwenyewe. Yeye na matembezi yake, mlango, dirisha.

"Bwana mdogo," nikamwambia, "sema tu. Neno halivunji mfupa. Mimi ndiye niliyeanguka, na mimi nakuambia sema."

"Nasema nini, Mzee?"

"Kwamba ulikosa kuacha geti."

"Nilikosa?"

"Useme tu."

"Na kama singekosa, wewe ungekuwa wapi saa hii?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningekuwa ndani ya sanduku, tumboni mwa ndege, nakwenda Muheza. Nasema ukweli. Nilitaka abaki. Na nilitaka mtu mmoja duniani akatae kusema nilikuwa kosa. Vyote viwili nilivitaka kwa pamoja na havikai pamoja.

Halafu, kama anataka kuniharibia, akaongeza, "Na tena Muriuki ni nani? Mtu hawezi kurusha hata taka." Akacheka peke yake. Nikabaki sijui. Anakataa kwa sababu yangu, au anakataa kwa sababu ya kichwa chake?

Alhamisi tukapangwa uwanjani pa kambi, basi linanguruma pembeni. Muriuki akasema, "Kuna mwenzenu ana jambo anataka kuwaambia. Aje mbele."

Akaja, ule ule mwendo.

"Sema ile kitu tuliongea," Muriuki akasema.

"Hatukuongea. Wewe uliongea."

Mtu akacheka nyuma, akajitia kukohoa. Mrushaji akatugeukia sisi. Uso ulikuwa mkavu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na kiungo kinachotikisika, wala goti wala kidole.

"Mtu alianguka, nikaacha geti," akasema. "Kesho mwingine akianguka, naacha tena." Halafu akamgeukia Muriuki. "Wewe fungua vibanda."

Nikasema moyoni, sasa atampa kisogo. Wote tulilisubiri lile, nadhani hata Muriuki. Hakumpa. Alibaki pale pale amemtazama usoni, anasubiri jibu, kama kweli alikuwa ameuliza swali na ana muda. Na basi linanguruma. Mwisho Muriuki ndiye aliyetazama simu yake, akasema, "Khalas. Pandeni gari."

Nikaangalia mstari mzima ule, wanaume wazima, wengi wao Ijumaa walikuwa wanapiga kelele jina lake. Kila mtu anatazama kiatu. Tukapanda gari. Mimi pia nilipanda.

Mechi tulifungwa vibaya. Kasule alijitia kurusha yeye, Wafilipino wakampiga mpaka mipira ikapotelea kwenye maghala. Pale kwa Mhindi hukumu ikatolewa: kiburi cha mtu mmoja kimeiponza timu nzima. Haji tu ndiye hakuhukumu siku hiyo, alikuwa anaikoroga karak iliyokwisha kuyeyuka sukari. Siku chache baadaye Mrushaji akapewa tiketi, akaondoka asubuhi mimi niko zamu. Aliondoka na sabuni yangu.

Na vibanda vikafunguliwa. Si siku hiyo. Baada ya muda, kimya kimya, tukakuta milango iko wazi na baridi inatoka ndani. Muriuki alisema ni utaratibu mpya wa kampuni. Walinzi wakamshukuru. Niliwasikia kwa masikio yangu. Ahsante sana, sir. Na wakiwa ndani ya ile baridi, miguu juu ya stuli, bado walikuwa wanabishana kama yule bwana angekuwa mpole kidogo angefika wapi.

Mimi nimebishana nao miaka. Nimebishana na madereva kwenye maegesho, na watu ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe. Nimegombana na Haji, tukapatana, tukagombana tena kwenye simu. Sijatulia. Jambo lenyewe likinijia naachia usukani natembea, nazunguka gari, nafungua mlango, naufunga.

Mwaka huu nilimpeleka mama wa nyumba ninayofanyia kazi na watoto wake Lusail, kwenye majengo yale ya maduka. Maegesho yamejaa. Mbele yangu kuna mtu wa kuelekeza magari, kizibao cha kung'aa, ndevu zina mvi, tumbo limeanza. Anaelekeza kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unaning'inia tu. Kila gari analiinamia dirishani. "Sorry, sir. Full, sir. Very sorry, madam." Anainama vizuri, kama aliyezaliwa nayo. Nikafika mimi, akainama, "Sorry, sir," na hajanitazama bado. Akanitazama.

"Mzee," akasema. "Hujafa."

"Bado."

"Nilijua. Kitu nimetengeneza mimi hakiharibiki haraka."

Nilitaka kushuka nikashindwa na mkanda wa gari. Nikamuuliza amerudi lini, akasema wakala mwingine, kampuni nyingine. Nikamuuliza mkono umefanyaje. "Umechoka," akasema. "Ulifanya kazi ya watu wengi." Nikamwambia vibanda vilifunguliwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jua limetoka. Nyuma yangu magari yanaongezeka. Nikaona nisipouliza sasa nitazunguka gari hili mpaka nizikwe.

"Siku ile ya paredi," nikasema. "Ulikataa kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kichwa chako?"

"Ngoja," akasema. Akaenda gari la nyuma, akainama, sorry sir, akarudi. Akaweka ule mkono mzima kwenye dirisha langu.

"Mzee, mimi hapa nasema samahani tangu asubuhi. Nafasi imejaa, samahani. Jua kali, samahani. Mtoto wa mtu ametapika, samahani. Hainiumi. Hiyo ni kama sare, jioni naivua." Akatazama foleni. "Ile moja tu ndiyo sikusema. Ningesema ile, wewe ungekuwa kosa langu. Na mimi sifanyi makosa."

Honi zikaanza, moja, nyingine, akanyanyuka, akaligonga paa la gari langu kwa kiganja.

"Sasa toa gari, Mzee. Unaziba njia."

Nikalitoa. Kwenye kioo nilimwona akimwinamia wa nyuma yangu, na wa nyuma yake, na kila mmoja aliambiwa samahani. Mimi, tangu aliponitambua, sikuambiwa.